Je, Mfanyakazi Aweza Kurudi Kwao?



Mwanzoni mwa mwaka 1901 bwana mmoja Mwingereza, jina lake William Cadbury, wa kampuni ile itengenezayo chokoleti, aliletewa karatasi ya kutangaza shamba linalouzwa. Shamba lenyewe lilikuwa katika kisiwa cha Sao Tome, katika bahari ya magharibi ya Afrika, kisiwa kilichotawaliwa wakati ule na Wareno. Karatasi ilitaja mali iliyomo shambani, kama ilivyo desturi ya matangazo ya namna hiyo. Na katika orodha ya mali walitajwa vibarua weusi 200, thamani yao pauni 3,555.

Tafadhali msomaji, fanya hesabu mwenyewe. Ni karibu pauni 18 kwa mtu mmoja. Haikuandikwa kwamba huo ni mshahara wao. Hiyo ndiyo bei yao, kama vile wewe ungeandika bei ya ng'ombe au ya mashine ya kukoboa mahindi.

Sasa, William Cadbury hakuwa mtu asiyejali. Jamaa yake yote walikuwa Wakristo wa Kanisa la Marafiki, ndio Quakers, ambao wasomaji wetu wa Kaimosi na Maragoli wanawafahamu vema, kwa maana wamisionari wa kanisa hilo walifika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki walikuwa mbele katika kupigana na biashara ya watumwa tangu zamani za mababu zao. Pale Bournville, karibu na mji wa Birmingham, watu wa Cadbury walikuwa wamejenga nyumba nzuri zenye bustani, na sifa ya kiwanda chao ilienea pote. Walakini katika miaka ile karibu nusu ya kakao waliyoinunua ilitoka Sao Tome. Basi karatasi hii ilikuwa mezani pake. Afanye nini?

Nimeleta habari hii ya zamani kwa sababu swali hilo liko mezani pa wenye makampuni hata leo, na majibu wanayoyatoa leo yanafanana sana na yale yaliyotolewa wakati ule. Shirika la Kazi la Dunia pamoja na wenzake walitoa hesabu mwaka 2022, wakasema ya kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu waliiita shokoa. Milioni 17.3 kati yao walikuwa katika kazi za watu binafsi kama mashamba, viwanda, ujenzi na kazi za nyumbani, bila kuhesabu wale wanaotumiwa kwa uasherati. Hawafungwi minyororo kama zamani. Hufungwa kwa deni, kwa kunyang'anywa pasipoti, kwa kuzuiliwa mshahara, na kwa vitisho. Na vitu wanavyovitengeneza huingia madukani pamoja na vitu vingine vyote, wala havina alama.

Hebu turudi Sao Tome, tuone jinsi mambo yalivyokuwa.

Sheria za Ureno zilikuwa zimekwisha kuufuta utumwa katika makoloni yake tangu miaka ya 1870. Kwa hiyo ukimwuliza mwenye shamba, angekujibu bila haya kwamba yeye hana mtumwa hata mmoja, ana wafanyakazi wa mkataba tu. Wafanyakazi hao walitoka Angola, tena mbali sana bara. Wengine walikuwa wamekamatwa kwa ajili ya deni la mjomba, wengine kwa kushitakiwa uchawi, wengine katika vita. Kisha wakauzwa kwa nguo, kwa bunduki na kwa pombe, wakatembezwa mamia ya maili mpaka pwani. Wazungu waliopita njia ile waliona pingu za miti zimetupwa kando ya njia, na mifupa ya watu walioshindwa kuendelea.

Wakifika pwani walisimamishwa mbele ya afisa wa serikali. Waliulizwa kama wamekubali kwenda kufanya kazi kwa muda wa miaka mitano. Jibu lo lote lililotoka, au hata pasipotoka jibu, liliandikwa kuwa wamekubali. Kisha kila mmoja alivikwa shingoni kipande cha bati chenye nambari yake, pamoja na kijikopo cha bati ambacho ndani yake yamewekwa maandiko ya mkataba wake. Sisi tunaokumbuka habari za manamba wa mashamba ya mkonge, twaijua nambari. Lakini manamba, pamoja na taabu zake zote, alijua kwamba mkataba wake una mwisho, na wengi walirudi kwao wakaoa na kulima. Mtu wa Sao Tome hakurudi. Miaka mitano ilipokwisha mkataba uliandikwa tena bila yeye kuulizwa, na baada ya huo mwingine. Watoto waliozaliwa shambani walihesabiwa kuwa ni wa shamba. Makumi ya maelfu walivushwa bahari kwa namna hiyo, na mpaka mwaka 1908 waliorudishwa Angola walikuwa kama hakuna. Katika kisiwa cha jirani cha Principe malale iliwaua wengi mno.

Angalia sana kijikopo kile. Karatasi zilikuwa kamili, mhuri umegongwa, hata zilining'inia shingoni mwa mtu mwenyewe. Mkaguzi wa karatasi angeondoka Sao Tome ameridhika kabisa. Swali moja tu lingaliweza kuufumbua uongo wote: ni wangapi waliorudi kwao?

Sasa tuone kampuni ilifanya nini. Mwaka 1903 William Cadbury alikwenda Lisbon kuzungumza na wakubwa wa Ureno na wenye mashamba. Wakamwambia imetungwa sheria mpya mwaka uo huo, yenye kutaja mshahara na fedha ya kuwarudisha watu makwao; basi angoje aone. Balozi wa Uingereza naye akamshauri angoje. Akangoja. Sheria haikubadili kitu. Ndipo kampuni za chokoleti zikamtafuta mtu wa kwenda kutazama, naye ni Joseph Burtt, Rafiki pia. Alikaa kwanza Ureno miezi kadhaa akijifunza Kireno, ambayo ndiyo lugha ya mabwana wa mashamba. Mwezi wa Juni 1905 akafika kisiwani.

Alimkuta huko mwandishi wa magazeti, Henry Nevinson, ambaye hakutumwa na kampuni ya chokoleti wala hakungoja sheria. Nevinson alikuwa amepita bara ya Angola katika njia ile ya pingu, na mwaka 1906 kitabu chake kilikwisha toka kikisema waziwazi kwamba huu ni utumwa. Burtt alitoa taarifa yake mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1906. Ilisema neno lile lile. Lakini taarifa ilipelekwa kwanza kwa serikali, ikazungumzwa, maneno yakapunguzwa ukali, Wareno wakapewa nafasi nyingine. Mwishoni mwa 1908 William Cadbury alisafiri mwenyewe mpaka Sao Tome na Angola, akaona kwa macho yake. Mwezi wa Machi 1909 Cadbury, pamoja na Fry na Rowntree, wakatangaza kwamba hawanunui tena kakao ya visiwa vile.

Tangu ile karatasi ya kwanza ilikuwa miaka minane.

Gazeti moja la London, jina lake Standard, lilikuwa limewacheka kwa maneno makali mwaka 1908, likisema kwamba watu hawa wanaojionyesha wema wao kwa wafanyakazi weupe wa Bournville hawasumbuki na weusi wa Sao Tome. Cadbury wakalishitaki gazeti. Kesi ilisikilizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka 1909. Wakili wa gazeti, Edward Carson, alimwuliza William Cadbury juu ya fedha: tangu alipopata habari mpaka alipoacha, kakao ya watumwa iliyonunuliwa ilikuwa ya kiasi gani? Ilikuwa ya zaidi ya pauni milioni moja. Baraza la wazee wa kesi wakaamua kwamba Cadbury wamekashifiwa kweli, wakawapa fidia. Fidia yenyewe ilikuwa farthing moja, yaani robo ya peni.

Mimi simhesabu William Cadbury pamoja na wanafiki. Ni wenye viwanda wangapi waliopanda meli wakaenda kutazama mahali inapotoka mali yao? Mtu yule alikwenda, na kazi ile ilimchosha sana. Lakini wazee wale nao waliona jambo la kweli. Kampuni ilikuwa na hoja moja iliyoirudia kila mara: tukiacha kununua sasa, Wareno hawatatusikiliza tena, afadhali tuendelee kununua ili tuwe na neno la kusema. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Hata leo wanaojua mambo haya husema kwamba mnunuzi akikimbia mara tu anaposikia habari mbaya, huwaacha wafanyakazi mikononi mwa bwana yule yule, tena wakiwa maskini zaidi. Walakini mwenye kutumia hoja hiyo hana budi kuweka tarehe. Cadbury hawakuweka. Kila mara palikuwa na sheria mpya ya kungojea, au waziri mpya, au taarifa ya kutafsiriwa, na huku mizigo ya kakao ilikuwa ikipakuliwa bandarini.

Tena hawakuacha mpaka walipokuwa na mahali pengine pa kununua. Mahali hapo palikuwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, ambako wakulima Waafrika walikuwa wamepanda kakao katika mashamba yao wenyewe, kila mtu kwa jembe lake na jamaa yake. Muda si muda nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kwa kakao.

Pengine utaniuliza, Sasa je, makampuni ya siku hizi yanafanya nini? Yanayo sheria kadha wa kadha. Uingereza ilitunga yake mwaka 1015 na elfu moja baadaye, maana yake 2015, na nasema hivyo kwa mzaha tu, kwa sababu jambo lenyewe ni la zamani mno kuwa limengojea mwaka huo. Sheria hiyo yaitaka kila kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 kwa mwaka au zaidi itoe tamko kila mwaka, lililokubaliwa na baraza la wakurugenzi na kutiwa sahihi na mkurugenzi mmoja, kueleza hatua ilizozichukua ili utumwa usiwemo katika kazi zake wala katika kazi za wale inaowanunulia vitu. Neno zuri. Lakini sheria iyo hiyo yasema kwamba kampuni ambayo haikuchukua hatua yo yote yaweza kutoa tamko la kusema hivyo, na itakuwa imetimiza wajibu wake! Ufaransa mwaka 2017 ilikwenda mbali zaidi, ikaziamuru kampuni kubwa ziwe na mpango wa kuzuia madhara, na mwenye kudhurika aweza kwenda mahakamani. Ujerumani ilifuata, na sheria yake ikaanza kutumika mwaka 2023. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha mwaka 2024 sheria ya kukataza vitu vilivyotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa visiuzwe kwao, na tarehe iliyowekwa ya kuanza kutumika ni Desemba 2027.

Nimeyasoma baadhi ya matamko hayo ya Waingereza. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza kizuri, yana picha za watu wanaotabasamu, na yaeleza kwamba kampuni haivumilii utumwa hata kidogo. Nikikumbuka kijikopo cha bati, napenda kuuliza mambo mengine kabisa. Mfanyakazi alitoa fedha ngapi ili aipate kazi hii? Pasipoti yake analala nayo nani? Akitaka kuondoka kesho atadaiwa nini? Nani amemwuliza maswali haya, na aliulizwa kwa lugha gani, na mnyapara alikuwa amesimama wapi?

Twaweza kuona jinsi maswali hayo yanavyofanya kazi katika habari ya glavu za mpira, zile wanazovaa wauguzi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, dunia nzima ilizitafuta, na nchi ya Malaysia ndiyo iliyotengeneza nyingi kuliko nchi zote. Viwandani mle walifanya kazi vijana wengi kutoka Bangladesh na Nepal. Ili wapate nafasi, mawakala wa kwao waliwatoza fedha nyingi, wengine hata dola elfu kadhaa, ambazo walikopa kwa riba au waliuza shamba la baba. Walipofika hawakuweza kuondoka hata kama kazi ilikuwa mbaya kupita kiasi, kwa maana deni lilikuwa likiwangojea nyumbani pamoja na wazazi waliowekwa rehani. Hapakuwa na haja ya pingu.

Wakaguzi walikuwa wakiingia viwandani humo mwaka hata mwaka na kutoka na vyeti. Kilichobadili mambo ni lango la forodha. Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1930 yenye kukataza kuingiza vitu vilivyotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilikuwa na tundu: kama nchi yenyewe haikutengeneza kitu hicho cha kuitosha, kiliruhusiwa kuingia. Tundu hilo lilizibwa mwaka 2016. Mwezi wa Julai 2020 forodha ya Marekani ikazuia glavu za kampuni ya Top Glove, iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hiyo. Na kumbe iliwezekana! Kampuni ikaanza kuwarudishia wafanyakazi fedha walizotozwa na mawakala, na jumla yake ilikuwa kama ringgit milioni 136, zikagawiwa kwa watu elfu kadhaa. Mwezi wa Septemba 2021 lango likafunguliwa. Kwa hiyo kampuni zenye kufikiri sasa zimeshika kanuni kwamba gharama ya kumpata mfanyakazi huilipa mwajiri, asiilipe mfanyakazi. Kanuni hiyo ni ya gharama, na ndiyo maana inafaa kitu. Mwenye kiwanda anapolipa wakala mwenyewe, ndipo pia bei ya glavu hupanda kidogo, na mnunuzi aliyetia sahihi tamko zuri hana budi kukubali kuilipa bei hiyo. Hapo wengi hurudi nyuma.

Habari nyingine ni ya nyanya, nayo yapendeza zaidi kwa sababu ilianzishwa na wachumaji wenyewe. Huko Florida, upande wa kusini wa Marekani, katika mji mdogo wa Immokalee, wachumaji wa nyanya ni wageni kutoka Mexico, Guatemala na Haiti. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata, mahakama za huko ziliwafunga wanyapara kadhaa kwa kosa la utumwa hasa: watu walifungiwa usiku, walipigwa, walidaiwa madeni yasiyokwisha. Wachumaji waliunda chama chao. Waliona kwamba mwenye shamba hana uwezo mkubwa, kwa kuwa bei hupangwa na wale wanunuzi wakubwa, wenye mahoteli ya chakula cha haraka na maduka. Basi mwaka 2001 wakaanza kuwaomba watu wasile katika mahoteli ya Taco Bell. Makanisa mengi ya Marekani yaliungana nao, wanafunzi pia, na mwaka 2005 kampuni ikakubali.

Makubaliano yao yalikuwa haya: mnunuzi atoe senti moja zaidi kwa kila ratili ya nyanya, nayo iingie katika mshahara wa mchumaji, tena asinunue katika shamba lililovunja masharti. Kuanzia mwaka 2011 mpango huo ukaenea karibu katika mashamba yote makubwa ya nyanya ya Florida. Wachumaji wanafundishwa haki zao na wachumaji wenzao, katika saa za kazi zenye kulipwa. Iko simu ya kupokea malalamiko usiku na mchana, na anayejibu anasema lugha yao. Wakaguzi wakija huzungumza na nusu ya wafanyakazi au zaidi, sio wawili watatu waliochaguliwa na mnyapara. Na shamba likikutwa na utumwa, soko lake limefungwa papo hapo.

Sasa tuirudie kakao, maana habari yake haikuishia mwaka 1909. Mwaka 2001 makampuni ya chokoleti yalitia sahihi ahadi huko Marekani ya kuondoa namna mbaya kabisa za kazi za watoto katika mashamba ya Cote d'Ivoire na Ghana, na tarehe iliwekwa, mwaka 2005. Tarehe ikapita. Ikawekwa 2008, nayo ikapita. Baadaye wakasema ifikapo 2020 kazi hizo zitapunguzwa kwa asilimia 70. Mwaka 2020 wachunguzi wa chuo kikuu cha Chicago wakatoa hesabu yao: watoto milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi za kakao katika nchi hizo mbili.

Hapa yatupasa kusema kweli tusije tukawasingizia watu. Wengi wa watoto hao si watumwa. Ni watoto wa mwenye shamba, wanapasua matunda kwa panga na kubeba mizigo mizito kwa sababu baba hana fedha ya kuajiri mtu mzima. Wale waliosafirishwa kutoka nchi za jirani kama Burkina Faso na Mali na kufanyishwa kazi kwa nguvu wapo, lakini ni wachache miongoni mwao. Mama mmoja wa mjini anayesoma tu kichwa cha habari aweza kudhani kila shamba lina mateka. La, shamba lina umaskini, na umaskini huo ndio anaopitia mwenye kuuza watoto anapotafuta mlango. Kampuni zimepeleka watu vijijini kuwaandika watoto na kuwarudisha shuleni, na mahali walipokaa kwa muda mrefu kazi hiyo imesaidia. Lakini juu ya bei huwa wazito wa kusema. Ikawa serikali za Ghana na Cote d'Ivoire zenyewe ndizo zilizoamua, mwaka 2019, kudai nyongeza ya dola 400 kwa kila tani kwa ajili ya mkulima. Nao wakulima wa Ghana wana kumbukumbu ndefu: katika msimu wa 1937 na 1938 babu zao waliizuia kakao yao isiuzwe, kwa sababu kampuni za wanunuzi zilikuwa zimepatana bei kwa siri. Cadbury walikuwamo katika mapatano yale.

Wako watakaosema, Mwandishi, hayo ni mambo ya makampuni ya Ulaya na Marekani, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa pande mbili.

Upande wa kwanza, watoto wetu wanatafutwa. Wasichana kutoka Kenya, Uganda na Tanzania huchukuliwa na mawakala kwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Wako waliopata mabwana wema wakajenga nyumba za wazazi wao. Wako pia walionyang'anywa pasipoti siku ya kwanza. Wazazi, wakala akija barazani pako na karatasi zilizopigwa mihuri, usianze kwa kuuliza mshahara. Mwulize ni nani atalipa nauli na gharama, na kama ni deni, litakwisha lini. Mwulize binti akiugua au akipigwa atarudi kwa njia gani na kwa fedha ya nani. Mwombe akuonyeshe msichana mmoja tu aliyempeleka, akamaliza mkataba, akarudi. Kisha uende ukamwone msichana huyo peke yako, bila wakala.

Upande wa pili, sisi nasi ni wanunuzi. Hospitali za misheni hununua glavu kwa makasha. Shule za bweni hununua sare kwa mamia. Parokia inapojenga, inanunua matofali na kokoto, na wakati mwingine wanaovunja kokoto hizo ni watoto waliopaswa kuwa darasani. Mweka hazina husifiwa na baraza kwa kupata bei ya chini kuliko zote, na mimi mwenyewe nimekaa katika mabaraza hayo, sijapata kusikia mtu akiuliza kwa nini bei imekuwa chini hivyo. Mtume Yakobo aliwaandikia matajiri juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, na twapenda kulisoma fungu hilo tukidhani ni la watu wengine.

Hospitali moja haiwezi kutuma mtu Malaysia kama kampuni ya chokoleti ilivyomtuma Burtt. Lakini maaskofu na makanisa yenye hospitali nyingi hununua dawa na vifaa kwa pamoja, na mnunuzi mkubwa husikilizwa. Aweza kumwandikia mwenye kuleta glavu barua ya sentensi chache: zimetengenezwa kiwanda gani, wafanyakazi wametoka wapi, ni nani aliyelipa wakala, na kama walitozwa, wamerudishiwa lini. Anayenunua tofali zetu aweza kwenda kwenye tanuri siku ya kazi, saa za shule, bila kutoa habari mbele. Na jibu la barua lisipokuja baada ya siku sitini, makasha yajayo yaagizwe kwa mtu mwingine.